Sita au Tisa

Psiwa ameota mvi, lakini ubishi wake haujazeeka. Tulikutana Bokoli mwaka uliopita, siku ya kumzika Mwalimu Simiyu, baada ya miaka mingi ya kuahidiana kwa simu chai ambayo hatukuwahi kuinywa. Tuliketi chini ya turubai, sahani za plastiki magotini, wali na maharagwe yaliyopikwa kwenye sufuria kubwa zilizoazimwa kanisani, na kabla mwenyekiti wa kamati hajamaliza kushukuru waliochanga tulikuwa tumeshaanza tena. Psiwa alisema ati yeye tangu mwanzo alitaka tisa. Nikamwambia asinifanye mjinga, yeye alitaka sita, aliyetaka tisa ni huyu tunayemzika. Akasema tisa. Nikasema sita. Mama mmoja aliyeketi mbele yetu aligeuka akatukazia macho, nadhani aliamini tunagawana ekari za marehemu kabla udongo haujakauka. Tuliinamia sahani zetu kwa aibu, kisha Psiwa akaanza kutikisika mabega, na sikujua kama anacheka au analia hadi nilipogundua kwamba mimi mwenyewe nafanya yote mawili.

Mambo ya kwetu nitayaruka, maana kila familia ina hadithi yake na yangu haina jipya. Inatosha kusema kwamba mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, alama zimenikosesha chuo kikuu kwa upungufu mdogo, ambao huuma kuliko mkubwa, na shangazi aliyekuwa akinilea alikuwa amenipa mwaka mmoja. Mwaka mmoja Kitale, nitafute mlango. Usipofunguka, nirudi Bumula nisimamie kinu chake cha kusaga mahindi, na tayari alikuwa amenionyesha kiti nitakachokalia, pale dirishani, karibu na mizani. Si kazi ya aibu. Kinu kile kimesomesha wengi na mimi nikiwemo. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kile kiti nilikiogopa vibaya sana.

Chuo chetu cha kompyuta kilikuwa ghorofani, juu ya duka la pembejeo, na harufu ya mbolea na dawa ya kuogeshea ng'ombe ilipanda ngazi pamoja na wanafunzi. Tulikuwa na kompyuta tano, tatu zikiwa hai. Asubuhi niliwafundisha watu kupiga chapa, wengi wao makarani waliotumwa na ofisi zao na mabinti waliosubiri matokeo, na mchana nikaruhusiwa kujisomea bila kulipa. Psiwa, kijana wa Kapsokwony aliyenizidi mwaka mmoja, ndiye aliyezifufua mashine zilipokufa. Alikuwa na vidole vyembamba na mdomo usiokubali kushindwa, ila mbele ya wakubwa aliukunja akauweka mfukoni. Na chumba cha nyuma, kile chenye dirisha la kuangalia uwanja wa vyuma vikuukuu, alikikodi Mwalimu Simiyu. Alikuwa amestaafu mapema kufundisha fizikia, mkewe yuko Bungoma, yeye anashinda Kitale juma zima akisema ana kazi. Kazi yenyewe hakuna aliyeijua mpaka siku aliponiita akanipa kitu mkononi.

Ilikuwa swichi ya indiketa ya trekta, imeng'olewa na nyaya zake. Akaniuliza ina hali ngapi. Nikamwambia mbili, Mwalimu, kushoto na kulia. Akauliza, "Na kama trekta inaenda moja kwa moja tu?" Nikaitazama ile swichi, nikaisukuma kushoto, kulia, nikairudisha katikati. Tatu. Mwalimu akafurahi kana kwamba ni mimi niliyeivumbua. Akanieleza kwamba kompyuta zote ninazozijua zinahesabu kwa mbili, umeme upo au umeme haupo, lakini Warusi zamani walijenga moja iliyohesabu kwa tatu, na haikuwa mchezo, ilifanya kazi. Alikuwa amesoma habari zake kwenye gazeti la zamani akiwa chuo cha ualimu na hazikumtoka kichwani. Sasa alikuwa amestaafu, ana muda, na pale dirishani kulikuwa na mlima wa matrekta mabovu kutoka mashamba yote ya Trans-Nzoia, kila moja na swichi yake ya kushoto, katikati na kulia.

Nilidhani ni mzee anayepoteza muda, na nilikuwa mkali wa kudhani mambo kama hayo, hadi aliponiteremsha ngazi tukaenda kwenye ghala la nafaka la jirani kulikokuwa na mizani ya zamani ya sahani mbili. Alisema ukiwa na jiwe la kilo moja, la tatu, la tisa na la ishirini na saba, unaweza kupima uzito wowote hadi kilo arobaini, mradi uruhusiwe kuweka mawe pande zote. Nikamwambia apime tano. Akaweka jiwe la tisa upande mmoja, na upande wa mahindi akaongeza la tatu na la moja. Ikasimama sawa. Kila jiwe, akasema, lina nafasi tatu: liko kushoto, liko kulia, au liko chini limepumzika. Gunia la kilo tisini ni jiwe la themanini na moja na la tisa, basi. Nilirudi juu nikiwa sioni ngazi. Sijui kama wengine hukumbuka siku waliyopenda hesabu, mimi naikumbuka, na ilinuka mahindi na gunia la mkonge.

Ubishi ulianza tulipomaliza kukusanya swichi, Psiwa naye akiwa amejiunga nasi. Mwenye uwanja wa vyuma alituachia tuchukue zote zilizo nzima, na zilizokuwa nzima ni hamsini na nne. Hapo ndipo kumbukumbu yote ya mashine yetu ingekaa, swichi hamsini na nne na taa zake, kila taa ikionyesha kushoto, kulia au kupumzika, na huwezi kuziacha tu zimetapakaa. Kompyuta za kawaida hufunga biti nane, yaani nafasi nane za upo au haupo, pamoja zikaitwa baiti, na kila kitu hupimwa kwa baiti. Sisi je, fungu letu liwe la ngapi? Neno hilo fungu lilikuwa langu, nililitoa sokoni, na ni mchango wangu wa kwanza ambao hakuna aliyeugundua. Mwalimu alitaka tisa. Nane, alisema, imezaliwa na mbili tupu, mbili mara mbili mara mbili, kwa hiyo fungu letu nalo lizaliwe na tatu tupu, tatu mara tatu, ndiyo heshima ya mashine. Psiwa alitaka sita. Taa tisa zinahesabu mpaka karibu elfu kumi, alisema, na hapa kwetu ni nani anapima elfu kumi ya chochote? Taa sita zinafika mia tatu sitini na nne, juu ya sifuri na chini yake, zinatosha gunia, zinatosha ndama, zinatosha herufi zote na tarakimu zote na nafasi inabaki. Tena ukifunga kwa sita unapata mafungu tisa ya kuwekea vitu. Ukifunga kwa tisa unapata sita tu.

Walibishana hivyo miezi mingi, kwa upole unaochosha. Psiwa hakuwahi kusema "umekosea." Alisema, "Ni kweli Mwalimu, ila nilikuwa nafikiria tu." Mwalimu hakuwahi kusema "hapana." Alisema, "Hilo nalo ni neno." Mimi niliwapitishia chai nikaanza kuona mafungu kila mahali. Sokoni niliwatazama akina mama wakipanga nyanya: fungu likiwa dogo mnunuzi anaona anachezewa, likiwa kubwa anapita, anataka za mchuzi wa leo tu. Kila mama alijua saizi yake na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Usiku mmoja nikichezea taa tatu tu, niligundua kwamba taa tatu zina hali ishirini na saba, na herufi ni ishirini na sita. Kila herufi inapata mahali pake, na hali moja inabaki kwa nafasi tupu kati ya maneno. Taa tatu, herufi moja. Nililiandika jina langu lote kwa taa, nikalisoma, nikalizima. Sikumwambia mtu. Hakuna aliyekuwa ameniuliza, na msichana aliyepewa kazi ya kumimina chai humimina chai.

Leo ninafundisha vijana kutengeneza vifaa vya umeme, na wakinijia na wazo nusu nawalazimisha waliseme hadi mwisho, hata kama ni bovu. Wananiona mkali. Hawajui kwamba ninayemfokea si wao, ni yule msichana aliyezima jina lake. Mashine ya namna ile haikuja kutawala dunia, na Psiwa huniambia kwamba simu yangu, baiti zake nane nane, inatucheka kila siku. Sijali. Nilijifunza pale kwamba hata kitu kinachoonekana kimeshaamuliwa kilianza na watu wawili au watatu wakibishana ndani ya chumba, na kwamba mmoja wao huenda alikuwa amenyamaza.

Jambo lililofanya ubishi uwe na uzito kwangu lilikuja katikati ya mwaka. Mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu, Daktari Auma, alikuwa mhadhiri Eldoret, na alihitaji msaidizi mmoja katika maabara yake, mtu atakayefanya kazi huku akisoma. Mwalimu alimpigia simu kutoka kibandani akamsimulia habari zetu. Psiwa alisema wazi kwamba yeye haondoki Kitale, ana wateja wake, nafasi hiyo ni ya Nafula, yaani mimi. Nilitamani kumkumbatia. Lakini Daktari Auma alimwambia Mwalimu kwamba hachukui mtu kwa sifa za kusimuliwa. Atakuja mwisho wa mwaka, aione mashine ikifanya kazi, na aone mwenyewe ni nani ana kichwa. Tangu siku hiyo nilihesabu kila kitu kwa macho mawili, jicho moja likiwa Eldoret na lingine kwenye kile kiti cha Bumula.

Mwezi wa nane Mwalimu alitualika kwake Bungoma tumalize jambo la fungu. Nyumba yake naikumbuka chumba kwa chumba: makochi yaliyovikwa vitambaa vya kushonwa kwa mkono, kalenda za miaka iliyopita ukutani kwa sababu picha zake nzuri, redio imefunikwa kama mtoto. Mkewe, Mama Nanjala, alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ya chini, na alitupikia kuku wa kienyeji kwa ugali wa wimbi uliochanganywa na muhogo, mweusi, mzito, unaoshika vidole. "Kuleni watoto wangu, msione aibu, chakura iko mingi," alisema, na akatusukumia bakuli. Mwisho lilibaki paja moja. Anayejua kwetu anajua yanayofuata. Kitu kizuri hakipokelewi mara ya kwanza: unakataa, unasihiwa, unakataa tena kwa sauti ndogo zaidi, ndipo unakula. Mwalimu alimpa Psiwa, Psiwa akamrudishia, Mama Nanjala akaniwekea mimi, nikamwekea Mwalimu, na paja likazunguka hadi likapoa. Mwishowe alilila Psiwa, akionekana kama anayetumikia adhabu.

Tukanawa mikono, na Mwalimu akafungua jambo. Nililisikia lote, nilikuwa nimeketi kati yao. Alisema, "Psiwa, leo wewe ni mgeni kwangu. Nimefikiria sana. Tufuate yako, iwe sita."

"Hapana, Mwalimu," Psiwa akasema. "Wewe ni mzazi. Tisa iko sawa kabisa, hata mimi nimeona."

"Basi ni sawa," Mwalimu akasema.

"Ni sawa, Mwalimu."

Wakashikana mikono, wote wawili wameridhika, na Mama Nanjala akauliza nani anataka chai. Hapo ndipo tulipoharibu, na hakuna aliyeona, hata mimi, maana nimelelewa hivyo hivyo. Kila mmoja aliamini kwamba ukarimu wake yeye ndio neno la mwisho, na kwamba maneno ya mwenzake yalikuwa adabu tu ya kukataa mara ya kwanza. Na kwa kuwa kila mmoja aliamini amemwachia mwenzake ushindi, hakuna aliyethubutu kulitaja tena. Kumtajia mtu ushindi uliomwachia ni kama kumkumbusha nyama uliyompa.

Tukarudi Kitale tukagawana kazi. Psiwa alikwenda kwenye karakana ya mjomba wake fundi seremala, akatoboa ubao mzuri wa mvinje, akapachika swichi na taa zote. Mwalimu alijifungia chumba cha nyuma akajenga sanduku la kujumlisha kwa rilei, zile swichi za sumaku zinazolia tak-tak, alizozitoa kwenye magari mabovu. Kazi ya sanduku ni kuchukua fungu moja na jingine, kuyajumlisha, na kuonyesha jibu kwa taa zake lenyewe. Mimi nilitengeneza mkono mnene wa nyaya wa kuunganisha vitu hivyo viwili, kila waya na namba yake, kuanzia moja hadi hamsini na nne. Namba zangu zilikuwa sahihi. Nasema hivyo kwa sababu Psiwa, hata pale kwenye matanga, alijaribu kudokeza vingine.

Alhamisi moja, siku mbili kabla ya Daktari Auma kuja, Psiwa alipandisha ubao wake ngazi akiwa ameubeba kichwani, tukauchomeka. Betri ya trekta chini ya meza, taa zikawaka, na Mwalimu akapiga makofi mara moja tu, akajizuia. Tukajaribu hesabu rahisi. Psiwa aliweka tisini katika safu ya kwanza na kumi katika safu ya pili. Rilei zikalia, zikatulia. Nikazisoma taa za jibu, nikazisoma tena. Mia tatu na sitini. Mwalimu akasema pengine ni betri. Tukabadilisha betri, mia tatu na sitini ile ile, bila aibu. Psiwa akakagua nyaya zangu moja moja, na mimi nikamwacha akague huku nikiutazama ubao. Safu zilikuwa sita. Kila safu ilikuwa na taa tisa. Nikazunguka nikaangalia nyuma ya sanduku, nikaona vifundo vya nyaya vimefungwa kwa uzi, na kila kifundo kilikuwa na nyaya sita.

"Mwalimu," nikauliza, "hapa umefunga sita sita?"

"Ndiyo. Si tulikubaliana ya Psiwa?"

"Na wewe Psiwa umetoboa tisa tisa."

"Si tulifuata ya Mwalimu," Psiwa akasema, lakini sauti yake ilikuwa tayari inashuka.

Kutoka dukani chini tulisikia mtu akiuliza kama dawa ya kupe ina madhara kwa ndama. Kila safu ya Psiwa ilikuwa na fungu zima la Mwalimu na nusu ya linalofuata, kwa hiyo kumi yetu, tuliyoiweka mwanzo wa safu ya pili, sanduku liliiona iko katikati ya fungu, na kila taa ikahesabiwa mara ishirini na saba ya thamani yake. Mashine haikuwa na kosa. Ilifanya walivyoiambia wote wawili. Kisha, Mungu wangu, wakaanza tena. Mwalimu akasema kosa ni lake, atakata nyaya zote aunge upya kwa tisa. Psiwa akasema haiwezekani, mzee asiumie macho, yeye atatoboa ubao mwingine kwa sita. Mwalimu akasema hapana. Psiwa akasema hapana, Mwalimu. Kazi ya majuma mengi, na siku mbili zimebaki, nao wanasukumiana kama lile paja la kuku. Nilikiona kile kiti cha Bumula, nikaona hadi mto uliowekwa juu yake, na hasira ikanipanda ambayo sikujua ninayo.

"Hakuna mtu atagusa kitu," nikasema. "Kaeni chini."

Wakaketi. Nadhani walishtuka kuliko nilivyoshtuka mimi. Nikafungua mkoba wangu nikatoa chupa mbili za rangi ya kucha, moja nyekundu na moja ya fedha, maana ndiyo rangi pekee iliyokuwa chumbani, na nikaanza kuchora juu ya ubao wa Psiwa. Taa tatu, nikazizungushia mstari mwekundu. Tatu zinazofuata, mwekundu tena. Tatu za mwisho za safu, fedha, nikashuka safu ya pili nikaanza na fedha. Nilieleza huku nikichora, bila kuwatazama, kwa kuwa ningewatazama ningerudi kuwa na adabu. Sita ni tatu mbili. Tisa ni tatu tatu. Mlikuwa mnabishana juu ya fungu kubwa, na fungu lenyewe ni dogo kuliko yenu yote mawili. Tatu ni herufi moja. Mafungu mawili ya rangi moja ni namba ya kupima gunia. Siku mtu akitaka kupima elfu kumi achukue matatu, sanduku liongezewe klipu ya kuunganisha, basi. Ubao haukosei na nyaya hazikosei, mradi msomaji aone tatu kwanza.

Mwalimu alikuja karibu akainama juu ya ubao, miwani imeteleza puani. Hakusema hilo nalo ni neno. Aliuliza kama rangi hiyo hukauka haraka. Kesho yake tuliweka tisini kwenye nyekundu na kumi mwanzo wa fedha, na jibu likatoka mia moja. Psiwa alifungua dirisha akapiga mluzi kuelekea uwanja wa vyuma, na mlinzi akampigia mwingine.

Daktari Auma alifika Jumamosi amevaa raba na sweta ya kijani, mwanamke mwembamba, asiyetaka kiti. Alimsalimu Mwalimu kwa mikono miwili, kisha akasahau kwamba ni Mwalimu wake akaanza kazi. Alijumlisha, akatoa, akaweka namba zilizo chini ya sifuri, akaweka kubwa ya makusudi ili aone itafanyaje. Akaigusa rangi ya kucha kwa ukucha. Halafu akainuka akauliza swali ambalo hadi leo nalikumbuka neno kwa neno.

"Nani aliamua fungu liwe la tatu?"

Mwalimu akasema kwamba bila Psiwa wasingefika popote. Psiwa akafungua mdomo, akasita, akasema ni kazi ya Mwalimu, wao ni wasaidizi tu. Mwalimu akasema ukweli ni kwamba ni kazi ya wote. Yalikuwa maneno mazuri. Ndiyo maneno tunayofundishwa, na katika maisha ya kawaida hayana ubaya, lakini niliyasikia yakizunguka chumbani na nikajua yangezunguka hadi Daktari aangalie saa yake. Na aliangalia. Alianza kufunga mkoba wake, polepole, kama mtu aliyetarajia zaidi. Wanawake wa kwetu hawajitaji. Huwa wanangoja watajwe, na wakitajwa hutazama chini.

"Ni mimi," nikasema.

Akageuka. Akaniuliza mimi ni nani.

"Naitwa Nafula. Mimi ndiye niliamua tatu. Mwalimu alitaka tisa, Psiwa alitaka sita, na wote wawili walikosea."

Nilisikia nilichosema baada ya kukisema. Mbele ya mgeni, mbele ya mtu aliyenifundisha kila nilichojua. Daktari Auma aliuweka mkoba chini, akavuta kile kiti alichokikataa, akaketi. "Basi nieleze kwa nini," akasema, na nikamweleza, kuanzia mawe ya mizani hadi nyanya za sokoni hadi herufi ishirini na sita na ile hali moja inayobaki. Alinikatiza, alinipinga, mara mbili alinishinda na mara moja nikamshinda, na tuliendelea hadi betri ikachoka na taa zikawa nyekundu za kufifia. Akaniambia nifike Eldoret mwezi wa kwanza, nije na blanketi langu, kule kuna baridi.

Alipoondoka sikuweza kumtazama Mwalimu. Nilianza kumwomba msamaha nikiwa nimeelekea ukutani. Aliniacha nijikwae na maneno kidogo, kisha akasema niache.

"Psiwa alitaka kukutaja," akasema. "Nikamkanyaga mguu."

Nikageuka. Psiwa alikuwa ameketi juu ya meza amevua kiatu, anakiminya kidole gumba. "Amenikanyaga na kisigino, bana," akasema. "Mara mbili."

Mwalimu alinieleza kwamba kama wangenitaja wao, Daktari angeona wema wao tu, na wema wa watu yule mama haununui, alimjua tangu akiwa msichana wa kidato cha pili. Ilikuwa lazima litoke kwangu. Nikamwuliza, sasa kama ningenyamaza je? Nilivyokuwa nimenyamaza mwaka mzima?

"Basi ningekuwa nimekurudisha Bumula kwa kisigino changu mwenyewe," akasema. Aliketi kwenye kile kiti cha Daktari, akavua miwani, akajaribu kuifuta kwa ncha ya shati. Haikufutika. Akasugua kioo kile kile tena na tena, hadi Psiwa aliposhuka mezani, kiatu kimoja mguuni, akaipokea ile miwani akamfutia.